Uzi maalumu: Kujitengenezea daftari la michoro na shajara nyumbani. Tuanze na karatasi, urembo utafuata

Mkunja Karatasi

Habari za wakati huu wakuu.

Kila mjadala wa madaftari ya mkono ninaopita nakuta picha za majalada tu. Jalada la ngozi, jalada la kitambaa, maua yaliyokaushwa, vifungo vya shaba. Yanapendeza, sikatai. Ila muulize mwenye daftari amechora nini ndani, atakwambia bado hajaanza, anaogopa kuliharibu. Wengine wameanza wakaacha ukurasa wa tatu kwa sababu daftari halilali: ukilifungua linajifunga, mkono mmoja unachora, wa pili unalishikilia lisikimbie.

Msimamo wangu ni huu. Daftari la kuchorea linaanzia kwenye karatasi, linaenda kwenye mshono, jalada linafuata, urembo ni wa mwisho kabisa. Ukianza na jalada utapata pambo la rafuni.

Sasa karatasi. Karatasi ina mlalo. Inapotengenezwa kiwandani, nyuzinyuzi zake nyingi hulala kuelekea kule mashine inakoivutia. Ukiikunja kwa kufuata mlalo, inatii na kunyooka. Ukiikunja kinyume, inagoma: mkunjo unavimba, karatasi nzito inapasukapasuka kwenye pindo, na kitabu kizima kinakuwa kibishi kufunguka. Kwa hiyo mlalo uende sambamba na mgongo wa daftari. Karatasi za ndani, kadibodi ya jalada, karatasi ya kufunikia, zote zielekee huko.

Kuupima hakuhitaji kifaa. Shika karatasi uipinde taratibu bila kuikandamiza, kwanza upande huu, kisha ule. Upande unaokubali kwa ulaini ndio unaofuata mlalo. Ukibaki na shaka, chana kipande: mchano unaofuata mlalo hunyooka, unaoukata huenda ovyo. Au lowesha kipande kidogo upande mmoja tu. Kitajiviringisha, na mviringo huo utalala sambamba na nyuzinyuzi.

Wengi wanakwama hapa bila kujua. Karatasi nyingi za A4 za printa zina mlalo wa urefu. Ukiikunja katikati upate A5, mkunjo unakata mlalo moja kwa moja. Dawa ni mbili. Tafuta A3 yenye mlalo wa urefu, ikate katikati upate A4 mbili, ndipo uzikunje; mlalo utakuwa umefuata mgongo. Au kama A4 ndiyo pekee uliyonayo, ikate katikati upate A5 mbili, kila moja uikunje upate daftari la A6, milimita 105 kwa 148. Linaingia mfukoni na halina ubishi.

Uzito nao. Gramu 80 kwa mita ya mraba, yaani karatasi ya kawaida ya printa, inatosha kwa penseli na kalamu ya bic. Wino mwingi unapenya upande wa pili. Gramu 120 hadi 150 inabeba penseli, wino, na rangi ya maji iliyopakwa kwa adabu. Ukitaka kumwaga maji hasa, nenda gramu 300, ila hiyo ni nene na inabadilisha hesabu ya mshono, nitaeleza nikiulizwa.

Daftari la kwanza lifanye la fungu moja. Fungu ni karatasi chache zilizokunjwa pamoja, moja ndani ya nyingine. Karatasi nne zinakupa kurasa 16. Kunja, pitisha mgongo wa kijiko juu ya pindo kwa nguvu, pangilia. Kwa A5, toboa matundu matatu kwenye pindo: moja katikati, mengine kama sentimita 3 kutoka kila mwisho. Toboa kutokea ndani, fungu likiwa limefunguliwa nusu, ncha itokee kwenye pindo lenyewe na si pembeni yake. Sindano nene iliyochomekwa kwenye kizibo inatosha kabisa.

Uzi uwe mara mbili na nusu ya urefu wa mgongo. Anzia ndani, tundu la katikati, toka nje uache mkia wa kufungia. Ingia tundu la juu. Ukiwa ndani, ruka la katikati uteremke hadi la chini, toka nje, kisha rudi ndani kupitia la katikati. Sasa una mikia miwili ndani na uzi mrefu umepita kati yao. Mkia mmoja uwe kulia kwake, mwingine kushoto, vuta kwa kufuata mgongo (ukivuta kuelekea kwako utachana karatasi), funga fundo juu ya uzi huo mrefu. Daftari limekwisha.

Anayedhani hiki ni kitu cha watoto akumbuke kwamba daftari moja la Leonardo da Vinci, lile Bill Gates alilonunua mwaka 1994 kwa dola milioni 30.8, ni karatasi 18 zilizokunjwa katikati. Kurasa 72 jumla.

Karibuni maswali. Na ubishi pia.

Kalamu2B

Naweka kambi hapa. Nimejaribu ile ya kulowesha kipande sasa hivi, kimejiviringisha kweli. Miaka yote nakunja kinyume.

bi_shajara

Mkuu nakuheshimu ila umetuonea watu wa majalada. Mimi sichori, naandika shajara na natengeneza za kuwapa watu zawadi. Mtu akipokea daftari hapimi mlalo, anatazama jalada. Jalada ndilo linalomvuta alifungue. Na kuna raha ya kukaa jioni unachagua kitambaa na karatasi za rangi, hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Si lazima kila kitu kiwe cha matumizi.

Mkunja Karatasi

Dada, raha hiyo siigusi. Zawadi nayo ina sheria zake. Ninachosema, huyo uliyempa akilifungua likamrudia usoni, jalada zuri halitamsaidia. Fanya yote mawili, ila kwa mpangilio.

bi_shajara

Hapo tunaelewana nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

mpya_hapa

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo. Nimeona wanaoshona pembeni, uzi unaonekana juu ya jalada kwa mistari mizuri, hakuna kukunja. Ile si rahisi zaidi? Kwa nini hamuisemi?

Fundi Gundi

Hiyo ni ya Kijapani, ile ya matundu manne. Ni rahisi na inapendeza, na faida yake kubwa ni kwamba inashona karatasi moja moja, huhitaji kukunja fungu. Kama una rundo la michoro ambayo tayari ipo kwenye karatasi huru, hiyo ndiyo ya kuikusanya pamoja.

Kwa kuchorea ni mtihani. Mshono unapita ndani kama sentimita moja na nusu kutoka ukingo, kwa hiyo sehemu hiyo ya kila ukurasa imekwenda. Na kitabu hakilali, hasa ukitumia karatasi nene. Wenyewe wanaitumia na karatasi nyororo inayoanguka yenyewe ukifungua. Ukiweka gramu 150 humo utapigana nayo.

Wino Mzito

Naunga mkono. Kwa wanaochora kurasa mbili kwa pamoja, mshono wa mnyororo ndio wenyewe. Ule wa Wakopti wa Misri, wa tangu karne za mwanzo za Ukristo. Mgongo unabaki wazi bila gundi, mafungu yameshikana kwa uzi tu, kwa hiyo ukilifungua popote linalala bapa.

Sindano moja inatosha. Unatoka kwenye tundu la fungu la juu, unashuka, unapitisha sindano nyuma ya mshono ulioshika mafungu mawili ya chini yake, unarudi tundu lile lile ulilotokea, unaendelea ndani hadi tundu linalofuata. Kila tundu hivyo hivyo. Baada ya mafungu matatu utaona vimnyororo vimejipanga mgongoni. Huo ndio urembo wa bure, wala hujapaka rangi bado.

Ila uzi upake nta ya nyuki. Uvute juu ya kipande cha nta mara kadhaa hadi uanze kushika vidole. Usipopaka, unajisokota na kufanya vifundo katikati ya kazi, na mshono unalegea. Uzi wa kitani ni bora. Uzi mwembamba wa cherehani usiutumie, unakata karatasi kama wembe.

Kalamu2B

Mafungu mangapi na karatasi ngapi kila fungu? Mimi napenda rangi za maji, kwa hiyo ile ya gramu 300.

Wino Mzito

Kwa gramu 300, karatasi mbili kwa fungu, zaidi ya hapo mkunjo wa nje unakuwa mnene na karatasi ya ndani inachomoza sana mbele. Hata moja moja si vibaya. Kwa gramu 120 weka nne, mafungu sita, una kurasa 96. Kwa gramu 80 unaweza kufika sita au nane kwa fungu.

Na gramu 300 usiikunje kavu kwa pupa. Weka rula ya chuma kwenye mstari, pitisha ncha butu (kalamu iliyokwisha wino inafaa) ili utengeneze mfereji, ndipo ukunje. Huko kuchomoza kwa karatasi za ndani kukikukera, kata ukingo wa mbele wa kila fungu kabla ya kushona, kwa kisu kikali, kupita mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, kisu kitahama na karatasi ya chini itatoka na mteremko.

Mkunja Karatasi

Mimi sikati. Ule ukingo wenye ngazi naupenda, kidole kinashika ukurasa kwa urahisi. Ni ladha ya mtu.

tumaini_la_A5

Wakuu msaada. Nimetengeneza daftari la jalada gumu, kadibodi mbili na mgongo, nikafunika kwa kitambaa. Jana lilikuwa zuri limenyooka. Leo asubuhi majalada yamejikunja kuelekea nje, yanaonekana yanataka kuruka. Nimeweka vitu vizito juu, ukiondoa yanarudi. Gundi ni ile nyeupe ya kawaida. Tatizo nini?

Fundi Gundi

Ndani ya jalada umebandika karatasi?

tumaini_la_A5

Bado. Nilikuwa nasubiri likauke kwanza.

Fundi Gundi

Basi hujaharibu kitu. Gundi ina maji. Kitambaa au karatasi ikipata maji inatanuka, halafu ikikauka inasinyaa huku imeshikilia kadibodi, kwa hiyo inaivuta kuelekea upande wake. Umefunika nje peke yake, kwa hiyo limevutwa nje. Ukibandika karatasi ya ndani nayo itavuta upande wake, na jalada litarudi katikati. Ndiyo maana ile karatasi ya ndani haiwekwi kwa urembo tu.

Ibandike hivi. Paka gundi kwenye karatasi, si kwenye kadibodi, kutokea katikati kwenda pembeni, safu nyembamba. Subiri kidogo itanuke. Weka, sugua kwa kiganja kupitia karatasi safi. Tia karatasi ya nailoni kati ya jalada na kurasa ili unyevu usihamie ndani, funga daftari, weka mzigo mzito juu, liache usiku kucha bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoua madaftari.

Ukikuta jalada limejikunja kona kwa kona, kama limesokotwa, hapo kuna kitu umekata kinyume cha mlalo. Hilo halinyooshwi kwa mzigo.

bi_shajara

Kaka na kona je? Zangu zinatoka na uvimbe, na wakati mwingine kadibodi inachungulia.

Fundi Gundi

Kitambaa kizidi kadibodi kama sentimita mbili pande zote. Kwenye kona kata mshazari, lakini usikate ukigusa ncha ya kadibodi. Acha nafasi ya mara moja na nusu ya unene wake. Kadibodi ya milimita 2, acha milimita 3. Kunja upande wa juu na wa chini kwanza. Kabla hujakunja wa pembeni, kile kisikio kidogo kinachobaki kwenye ncha kisukume ndani kwa ukucha, kilale kwenye unene wa kadibodi. Ndipo ukunje. Ukucha ndio siri yote.

Na kitambaa kitupu hakibandikwi hivi hivi, gundi inapenya na kutoka madoa upande wa nje. Kibandike kwanza kwenye karatasi nyembamba, kikauke, ndipo ukitumie.

Vipimo vingine kwa haraka: kadibodi izidi kurasa milimita 3 juu, chini na mbele. Kati ya kadibodi ya jalada na ya mgongo acha mfereji wa milimita 7 au 8, bila huo jalada halifunguki.

mpya_hapa

Gundi ya unga mnaionaje? Nimesikia inaleta wadudu.

Fundi Gundi

Wadudu wanapenda wanga, ni kweli, na unyevu ndio unaowaalika. Kitabu kikikauka vizuri na kutunzwa pakavu, huna la kuhofia. Sehemu moja ya unga wa ngano, sehemu tano za maji. Koroga kwanza na maji baridi hadi madonge yaishe, weka kwenye moto mdogo huku unakoroga hadi iwe nzito na kung'aa, chuja ikiwa bado moto. Itumie ndani ya siku chache, ikianza kunuka mwaga.

Uzuri wake ni kwamba inachelewa kukauka, una muda wa kusogeza karatasi ikikaa upande. Na baadaye ukitaka kubandua, maji yanailegeza. Gundi nyeupe ikishakauka ndiyo imekwisha. Mimi nachanganya zote mbili nikifunika jalada.

Mkunja Karatasi

Na hiyo gundi ya unga ndiyo mlango wa urembo, maana bi_shajara amenivumilia vya kutosha.

Chukua gundi hiyo ikiwa imepoa, gawanya kwenye vikombe, kila kimoja tia rangi ya akriliki. Lowesha karatasi kidogo kwa sponji ilale kwenye meza bila mapovu. Paka gundi ya rangi kwa brashi pana, sawasawa. Ikiwa bado mbichi, pitisha kitu chenye meno: chanuo, uma, kipande cha kadibodi ulichokikata meno mwenyewe. Meno yanasukuma gundi pembeni, chini yake karatasi inabaki na rangi hafifu, na kwenye kingo za kila mstari rangi inajikusanya na kukolea. Pita kwa mawimbi, kisha kata mawimbi hayo kwa mistari iliyonyooka, utapata kitu kinachoonekana kuwa na kina. Usipoipenda, pakaza tena na uanze upya, mradi haijakauka. Mafundi wa vitabu wa Ujerumani walikuwa wakifunikia majalada kwa karatasi za namna hii katika karne ya 18.

Kuna zile za rangi inayoelea juu ya maji pia, karatasi inalazwa juu yake inaichukua. Wajapani wanadondosha wino juu ya maji matupu tangu karne ya 12, Waturuki wana ebru, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Ebru inataka maji yaliyofanywa mazito. Ni nzuri ajabu, lakini kwa anayeanza ni sufuria nyingi mno. Gundi ya rangi inakupa matokeo siku hiyo hiyo.

bi_shajara

Hatimaye! Kwa hili nimekusamehe. Na mimi niongeze: kingo za kurasa. Bana kitabu kati ya mbao mbili kabla ya kuweka jalada, kaza sana, piga msasa laini kwenye kingo, halafu paka rangi kwa brashi karibu kavu. Ukiacha nafasi hata ndogo rangi inaingia ndani na kurasa zinashikana. Ikikauka, kunja kitabu huku na huku kurasa ziachane.

Kuhusu kuchovya kurasa kwenye majani ya chai zionekane za kale: zinapendeza kwa picha, ila chai ina asidi, na asidi ndiyo inayofanya karatasi iwe dhaifu na kukatika. Kwa shajara unayotaka idumu, rangi ya kale ipake kwa rangi ya maji.

tumaini_la_A5

Fundi, nimebandika ndani na kuweka mzigo usiku kucha. Limerudi kwa sehemu kubwa, kuna mkunjo kidogo tu kuelekea ndani.

Fundi Gundi

Huo uache. Kuelekea ndani kidogo ni afadhali, jalada linakumbatia kurasa.

Kalamu2B

Swali la mwisho kwa upande wangu. Nabandika vitu kwenye shajara: tiketi, picha, vipande vya vitambaa. Ikifika nusu inafumuka mbele, jalada halifungi. Na kurasa nilizopaka akriliki zinagandana hata baada ya wiki.

Wino Mzito

Akriliki ni plastiki, ikikandamizwa na kupata joto inaendelea kushikana hata ikiwa imekauka. Tia karatasi ya nta kati ya kurasa hizo, au sugua nta kidogo sana juu ya rangi kwa kitambaa. Ukipaka nyembamba tangu mwanzo tatizo linapungua.

La kufumuka linatatuliwa kabla ya kushona. Unapopanga fungu, weka vipande vyembamba vya karatasi vilivyokunjwa, upana wa sentimita 2 kila upande wa mkunjo, kati ya karatasi nzima na nyingine. Vinashonwa pamoja na zingine. Mgongo unanenepa, mbele panabaki nafasi tupu inayosubiri vitu vyako. Karatasi moja nzima, kipande kimoja, hivyo hivyo.

Kwa shajara ambayo tayari imeshonwa, kata ukurasa mmoja kila baada ya kurasa kadhaa, lakini acha kisiki cha sentimita 2 mgongoni. Ukiukata wote hadi kwenye mshono, ule mwenzake wa upande wa pili wa fungu unabaki hauna kinachoushika na utachomoka.

Kalamu2B

Visiki nimeviacha vifupi, kama nusu sentimita. Vitashika?

Wino Mzito

Vikatie vipande vingine vya sentimita 2, vibandike juu yake kwa gundi ya unga, mlalo ufuate mgongo. Acha vikauke kitabu kikiwa wazi.